Miaka Kati ya Shule na Udaktari: Mtazamo kutoka Kakontwe na Likasi

Utangulizi

Katika baadhi ya nchi za Magharibi imekuwa desturi kwa kijana anayekusudia kusomea udaktari kukaa mwaka mmoja au miwili nje ya masomo kabla ya kuomba nafasi chuoni. Nchini Marekani, ambako udaktari husomwa baada ya shahada ya kwanza, zaidi ya nusu ya wanaoingia katika vyuo vya tiba hivi sasa wamekwisha kupitia kipindi cha namna hiyo. Muda huo hutumika kufanya kazi hospitalini, kusaidia katika utafiti, kujiwekea akiba au kupumzika tu, na kijana anapofika mbele ya wanaomhoji hutarajiwa kueleza alichojifunza humo. Miaka hiyo huchaguliwa na mwenyewe, na huhesabiwa na chuo.

Makala haya yanakusudia kuutazama muda huo kutoka upande mwingine kabisa, yaani kutoka Kakontwe, kitongoji cha mawe ya chokaa kilicho pembezoni mwa mji wa Likasi, katika Katanga ya Juu. Huko nako miaka kati ya shule na udaktari ilikuwapo, tena ilikuwa mirefu kuliko ile ya Marekani. Lakini haikuchaguliwa na waliokaa humo. Ilipangwa na kampuni, na serikali ya kikoloni, na chama tawala, na hatimaye na umaskini. Swali la msingi, basi, si kwa nini vijana walichelewa. Swali ni iwapo kazi waliyoifanya katika kuchelewa kwao ilihesabiwa kuwa elimu. Katika muda wa karne moja hivi ilihesabiwa waziwazi mara moja tu.

Mji wa kazi

Likasi ni mji uliozaliwa na shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na baada ya kuchimba Likasi ikajenga viwanda vyake Panda na Shituru. Mwaka 1931 mji ulipewa jina la Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa wakubwa wa fedha wa Kibelgiji waliousimamia uchumi wa Katanga. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Kakontwe yenyewe haikujulikana kwa shaba bali kwa mawe ya chokaa yaliyohitajiwa na viwanda hivyo. Wanajiolojia wakalichukua jina hilo na kuliita tabaka zima la mawe ya chokaa linaloendelea hadi ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia. Kwa hiyo jina la Kakontwe husomwa katika vitabu vya sayansi na watu wengi ambao pengine hawajui kwamba mahali hapo wanaishi watu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi wake kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto wao, badala ya kuwaleta na kuwarudisha kila baada ya miezi michache. Ikawapa nyumba, posho, zahanati, hospitali na shule. Shule nyingi ziliendeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, na katika eneo hili Wabenedikto ndio waliotangulia. Mpango huo uliwapa watoto wa wafanyakazi afya na elimu ya msingi kwa kiwango ambacho sehemu nyingi za Kongo hazikukijua. Hata hivyo ulikuwa na dari yake. Shule ya kampuni ilikusudiwa kumtoa fundi, karani, mwalimu wa darasa la chini na msaidizi wa zahanati. Haikukusudiwa kumtoa mhandisi wala daktari.

Hapa ndipo Kiswahili cha Katanga kinapokuwa shahidi mzuri. Katika utafiti wake uliotoka mwaka 1973, Johannes Fabian alionyesha jinsi neno "kazi" lilivyobeba maana nzito miongoni mwa wafanyakazi wa huko: kazi si shughuli yoyote ile, bali ni ajira ya mshahara, yenye mkuu, saa na namba. Kwa maana hiyo kijana aliyetoka shule alikuwa ama kazini, ama nje ya kazi. Hapakuwa na neno la kumtaja aliye katikati, anayejitayarisha kwa jambo kubwa zaidi, kwa sababu mji wenyewe haukuwa na nafasi ya mtu wa namna hiyo.

Munganga asiye na shahada

Aliyependa utabibu alikuwa na mlango mmoja, nao ni uuguzi. Alianza kama msaidizi katika zahanati, akajifunza kusafisha vidonda, kupiga sindano, kupima damu kwa darubini na kuandika daftari la wagonjwa. Wachache walipelekwa katika shule za wauguzi. Mwaka 1936 serikali ya Kongo ya Kibelgiji ilifungua Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, shule ya matabibu wasaidizi, na mafunzo ya aina hiyo yakatolewa pia Kisantu, katika taasisi iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Louvain. Tabibu msaidizi alisoma miaka kadhaa na kufanya mazoezi marefu hospitalini, na mwisho wake aliweza kuchunguza ugonjwa, kutoa dawa na kusaidia katika upasuaji. Alichokosa ni haki ya kuitwa daktari. Kisheria alifanya kazi chini ya usimamizi wa daktari Mzungu, na dikrii ya tarehe 19 Machi 1952 kuhusu utabibu ilizidi kuuimarisha mpaka huo.

Lugha ya watu haikuutambua mpaka huo. Katika Kiswahili cha Katanga "munganga" ni daktari, na ni muuguzi vilevile. Mgonjwa aliyefika zahanati hakuuliza shahada. Aliyemtibu ndiye munganga wake. Wasomaji wa Afrika Mashariki watakumbuka kwamba neno "mganga" limepata taabu ya namna nyingine katika Kiswahili sanifu, kwani humtaja mtaalamu wa mitishamba na wakati huohuo huonekana katika cheo cha serikali cha Mganga Mkuu. Katika Katanga neno hilo halikugawanywa kwa cheo wala kwa cheti. Pengine ni haki kusema kwamba wasemaji wa kawaida wa Kiswahili waliipima elimu ya muuguzi kwa usahihi kuliko sheria, kwa maana walikuwa wakiipima kwa matokeo yake.

Mfano mashuhuri kutoka Katanga ni Jason Sendwe, aliyezaliwa mwaka 1917 katika eneo la Kabongo na kulelewa katika shule za Wamethodisti. Sendwe alitamani kuwa daktari. Katika Kongo ya ujana wake hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja, sembuse kitivo cha tiba, basi akasomea uuguzi na kuufanya kazi pamoja na kufundisha na kuhubiri. Historia inamkumbuka kwa siasa: ndiye aliyekiongoza chama cha Balubakat, akapinga kujitenga kwa Katanga chini ya Moïse Tshombe, na akauawa Albertville mwezi Juni 1964. Ni nadra wanaoandika juu yake kusimama mahali hapa pa kwanza pa maisha yake. Mtu aliyetaka kusomea udaktari alikaa miaka ishirini hivi katika kile ambacho kijana wa leo angekiita kipindi cha kungoja, na mlango haukufunguliwa. Haishangazi kwamba kizazi hicho cha wauguzi, makarani na walimu ndicho kilichotoa viongozi wengi wa siasa wa mwaka 1960. Nguvu iliyonyimwa njia moja ilitafuta nyingine.

Mwaka wa kutayarishwa, na safari ya Ufaransa

Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na miaka miwili baadaye chuo rasmi cha serikali kikafunguliwa Elisabethville, yaani Lubumbashi, kilomita zipatazo 120 kutoka Likasi. Mtoto wa Kakontwe aliweza sasa, angalau kwa nadharia, kufika chuo kikuu kwa gari moshi la siku moja. Lakini Lovanium iliweka mwaka wa matayarisho kabla ya masomo yenyewe, kwa hoja kwamba sekondari za Kongo hazikuwa zimewaandaa wanafunzi vya kutosha. Hoja hiyo ilikuwa na ukweli, kwa kuwa sekondari kamili kwa Waafrika zilichelewa kufunguliwa, na kabla yake ni seminari tu zilizotoa elimu ya kiwango hicho. Jambo la kustaajabisha ni kwamba gharama ya uzembe wa serikali ilitozwa kwa mwanafunzi, naye akailipa kwa mwaka mmoja wa ujana wake.

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na madaktari wake waliohitimu. Wa kwanza wa Lovanium walikuwa bado darasani. Siku chache baadaye jeshi liliasi na madaktari wengi wa Kibelgiji wakaondoka. Waliobaki na hospitali mikononi, katika wilaya nyingi, ni wauguzi pamoja na matabibu wasaidizi, ambao idadi yao ilizidi 100 kwa kiasi kidogo katika nchi nzima.

Ndipo lilipofanyika jambo ambalo halikupata kufanyika kabla. Shirika la Afya Duniani lilitoa ufadhili kwa matabibu wasaidizi wapatao 60 kwenda Ufaransa kusomea udaktari. Hawakuanzishwa darasa la kwanza pamoja na vijana waliotoka sekondari. Mafunzo yao ya zamani na miaka yao ya kazi vilipimwa, wakaingizwa katika madarasa ya juu, na baada ya miaka mitatu hivi walio wengi walirudi Kongo wakiwa madaktari kamili. Wengine walikuwa wamekwisha kufanya kazi miaka kumi na zaidi, wana wake na watoto.

Tukio hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwa kawaida. Mara nyingi husimuliwa kama hatua ya dharura, kana kwamba dunia ilifumba macho kwa sababu ya shida na kuwapa watu shahada za haraka. Mtazamo huo unageuza mambo. Kilichofanyika ni kukiri kwamba mtu aliyetibu malaria, kichaa cha malale, kuhara damu na uzazi mgumu kwa miaka mingi tayari anayo sehemu kubwa ya elimu ya udaktari, na kinachobaki ni kumpa sayansi aliyonyimwa. Dharura haikuileta elimu hiyo. Iliwalazimisha wenye mamlaka kuiona. Uwezo huo ulikuwapo tangu miaka ya 1940, na kama kungekuwa na nia Kongo ingeingia katika uhuru ikiwa na madaktari wake. Wala haikosi uchungu kwamba, wakati matabibu wasaidizi wakiwa Ufaransa, Katanga ilikuwa imejitenga na Jamhuri tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, na chuo cha Elisabethville kikawa chuo cha dola isiyotambuliwa na nchi yoyote.

Linganisho na Tanzania

Tanzania ilijaribu kuyafanya miaka hiyo kuwa sera. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alipaswa kufanya kazi kwa miaka miwili isiyopungua, kisha aombe nafasi akiwa na sifa kutoka kwa mwajiri wake na kutoka tawi la chama. Nia ilikuwa kuondoa majivuno ya wasomi na kumtoa mtu chuoni akiwa anawajua wakulima na wafanyakazi. Wazo hilo lilikuwa na heshima yake, tena lilitamkwa kwa Kiswahili na kujadiliwa kwa Kiswahili. Lakini haikuchukua muda kabla ya wasichana kuruhusiwa kuingia moja kwa moja, kwa kuwa idadi yao ilishuka sana, na masomo ya sayansi nayo yakalegezewa sharti kwa upungufu wa waombaji. Ikadhihirika kwamba nchi yenye uhaba wa madaktari haiwezi kumudu kuwachelewesha.

Tofauti na tukio la 1960 ni kubwa. Katika Musoma miaka ya kazi ilihesabiwa kama ushahidi wa tabia, haikuhesabiwa kama elimu. Aliyekaa miaka miwili akiwa karani wa zahanati aliingia darasa lilelile na kuanza mahali palepale. Iliyokaribia zaidi roho ya 1960 ilikuwa ngazi nyingine ya Tanzania, ambayo haikuzungumzwa sana majukwaani: kwa miaka mingi tabibu aliyefanya kazi vijijini aliweza kurudi masomoni kwa miaka miwili na kuwa Daktari Msaidizi, mwenye ruhusa ya kufanya hata upasuaji wa uzazi. Kongo, iliyokuwa ya kwanza kuonyesha njia, haikuiendeleza.

Miaka iliyopotezwa

Baada ya mwaka 1967 ulipoanza mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, njia ya chuo kikuu ilionekana kunyooka: cheti, maombi, chuo. Kijana wa Likasi aliyefaulu vizuri katika kemia na biolojia hakutakiwa tena kupitia zahanati. Lakini mwezi Juni 1971, baada ya wanafunzi wa Lovanium kuwakumbuka wenzao waliouawa na jeshi tarehe 4 Juni 1969, Mobutu alikifunga chuo na kuwaandikisha wanafunzi zaidi ya 2,000 jeshini. Miaka ya nje ya masomo ikawa adhabu. Agosti mwaka huohuo vyuo vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, vitivo vikagawanywa upya, na tiba ikawekwa Kinshasa. Kwa mzazi wa Kakontwe udaktari ulihama kutoka kilomita 120 hadi kilomita zipatazo 1,500, katika nchi isiyo na barabara ya kuunganisha miji hiyo miwili. Baadaye Lubumbashi ilirudishiwa kitivo chake.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi walishambuliwa na kuuawa katika chuo cha Lubumbashi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Vyuo vikafungwa kwa vipindi virefu. Kifaransa cha vyuoni Kongo kina majina mawili ya hali hiyo yanayofaa kuhifadhiwa kwa Kiswahili. La kwanza ni mwaka mweupe, yaani mwaka uliofutwa, ambao masomo yake hayahesabiwi kabisa. La pili ni mwaka wa mpira, unaovutwa ukachukua miezi ya miaka miwili ya kalenda au zaidi. Aliyeanza udaktari katika kipindi hicho hakuweza kujua atamaliza lini, na aliyekuwa bado sekondari hakujua lini kutakuwa na darasa la kuingia.

Likasi yenyewe ilipatwa na msiba wake. Kuanzia Agosti na Septemba 1992 familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimeishi Katanga kwa vizazi viwili au vitatu, zilifukuzwa majumbani. Maelfu kwa maelfu walikaa katika kituo cha gari moshi cha Likasi na katika majengo ya shule wakingoja treni kwa miezi, na wengi walikufa hapo na njiani. Waliofukuzwa walikuwamo walimu, wauguzi na wanafunzi. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa neno "kungoja" kupoteza maana yote ya matumaini.

Wakati huohuo kampuni, iliyotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, ilianguka. Katikati ya miaka ya 1980 ilizalisha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika tani 40,000. Mshahara ulipokatika, shule na hospitali za kampuni zilidhoofika pamoja nao, na kwa kuwa serikali nayo haikuwalipa walimu, wazazi ndio waliobeba mishahara hiyo. Mwaka 2003 na 2004, kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliondolewa kazini kwa malipo ya mkupuo mmoja. Ada za chuo zilizotegemea mshahara wa mwezi zikakosa chanzo.

Vijana wengi wa maeneo ya Likasi waliingia machimboni kuchimba kobalti na shaba kwa mikono, baadhi yao wakitafuta ada ya mwaka unaofuata. Katika Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani ulio karibu na mji huo, serikali ilipiga marufuku uchimbaji Januari 2004. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu wasiopungua wanane. Kwa namna fulani mzunguko ulikuwa umerudi pale ulipoanzia, kazi ikitangulia masomo, isipokuwa kazi hii haikuwa na zahanati ndani yake wala daftari la wagonjwa. Msaidizi wa zahanati wa mwaka 1940 alitoka katika miaka yake akijua kuisoma damu chini ya darubini. Kijana wa shimoni hutoka, akitoka salama, na fedha ya muhula mmoja, na anapofika Lubumbashi kinachotazamwa kwanza ni asilimia aliyoipata katika mtihani wa taifa.